Mota Haiungui kwa Kukimbia

Vanishi ya waya ikiungua hunuka utamu fulani, kama sukari iliyosahaulika kwenye sufuria. Mara ya kwanza kuinusa nilidhani kuna mtu anapika upande wa pili wa maegesho. Kisha gari langu, Subaru ya buluu yenye urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, likapunguza mwendo lenyewe kwenye kona ya tatu, likasimama, na moshi mwembamba ukatokea chini ya bodi. Nilikuwa wa pili. Ilikuwa imebaki mizunguko minne.

Mfukoni simu ilikuwa inatetemeka. Mathe. Sikushika. Nilijua anachotaka, kwa sababu alikuwa ameuliza Jumapili iliyopita na ile ya kabla yake: grajuesheni ni tarehe ngapi, ndio watu wa Nakuru wakodi matatu mapema kabla bei haijapanda. Shosho alikuwa ameshashonewa nguo. Shida ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo miezi kumi na minne kabla ya siku hiyo, na nyumbani hakuna aliyejua.

Watu wakiniuliza ni nini kilinifanya nikaacha kudanganya, huwa nawaambia ni mota. Wanacheka. Lakini ni kweli, na ili ueleweke ukweli huo lazima nianze na gari.

Nililinunua nikiwa mwaka wa pili, kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi na anauza kila kitu hadi mapazia. Elfu nane. Ni Tamiya TT-02, chasisi ya plastiki iliyotoka 2013 ambayo mpaka leo watu wengi huanzia nayo. Tamiya ni kampuni ya Japani, na gari lao la kwanza la rimoti, Porsche 934, lilitoka 1976, kwa hivyo huu mchezo umemzidi mamangu umri. Wengi wakiona gari lenyewe husema ni la mtoto. Tofauti ni kwamba la mtoto unalinunua likiwa limefungwa na likiharibika unalitupa. Hili unalifunga mwenyewe skurubu kwa skurubu, na kila kilicho ndani kinaweza kubadilishwa na kitu cha kasi zaidi. Hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Tulikuwa tunakutana Jumapili asubuhi kwenye maegesho ya juu ya jengo moja Thika Road, kabla wateja hawajaamka. Koni ndogo, chaki, na mtu mmoja wa kuhesabu mizunguko kwa simu. Kuna daktari. Kuna fundi wa simu. Kuna mzee mstaafu anayekuja na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai. Kuna madogo wawili walioshikwa na homa ya mbio Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia 2021 na kila mtu akawa anaposti vumbi la Naivasha. Hakuna zawadi. Ukishinda, mzee anakumiminia chai ya kwanza.

TT-02 inakuja na mota ya rangi ya fedha, saizi ambayo wenyewe wanaiita 540. Ni mota ya kaboni: ndani kuna vipande viwili vidogo vya kaboni vinavyosugua komutata na kupeleka umeme kwenye nyaya zinazozunguka. Nayo gari linafika kama kilomita 30 kwa saa, ambayo kwa kitu cha saizi hiyo, kwenye lami, inatosha kukukata pumzi. Kwa wiki tatu hivi. Baada ya hapo unaanza kuona kwamba wengine wanakupita kwenye sehemu iliyonyooka, na unaanza kuuliza maswali.

Mzee wa kiti ndiye alinionyesha hila ya kwanza. Kaboni mpya uso wake haujakaa sawasawa na mviringo wa komutata, kwa hivyo inagusa sehemu ndogo tu. Unachukua glasi ya maji, unatumbukiza mota nzima, unaiunganisha na betri mbili ndogo za tochi, volti tatu tu, na unaiacha izunguke humo polepole. Maji yanapoza na kubeba unga wa kaboni. Baada ya dakika chache maji yamekuwa ya kijivu kama ya kuoshea sufuria, na kaboni zimechukua umbo la komutata. Unaikausha vizuri, unatia tone la mafuta kila upande wa mhimili, basi. Ukizidisha muda unamaliza kaboni bure. Nilifanya hivyo kwenye bedsita yangu usiku wa manane, na Jumapili iliyofuata gari likawa na uhai mpya. Si kidogo. Mtu alisikia mlio wake akageuka.

Hila ya pili ni gia. Mota ina gia ndogo, pinioni, yenye meno 22. Inasukuma gia kubwa ya meno 70, halafu kuna gia nyingine ndani. Ukipiga hesabu yote unapata 8.27, yaani mota izunguke mara 8.27 ndipo tairi lizunguke mara moja. Watu wa boda wanaijua hii hesabu bila karatasi. Ukibadilisha sproketi ili upate spidi barabarani, mlima utakuonyesha. Kuna seti ya gia ya meno 68 ambayo ukiiweka na pinioni ya 25, hesabu inashuka hadi 7.07. Kwenye sehemu iliyonyooka unaruka. Kwenye kutoka kona, mota inasukuma kama mtu anayepanda ngazi mbili mbili na gunia begani.

Nilikuwa nasomea uhandisi wa umeme, kwa hivyo mtu angedhani haya yote nimefunzwa darasani. Ukweli ni kwamba somo la mashine za umeme ndilo lililoniangusha. Nilipata 31, na kupita ni 40. Kulikuwa na mlinganyo ubaoni ambao mwalimu aliuandika kwa kasi ya mtu anayewahi matatu ya mwisho, na mimi nikaunakili bila kujua unasema nini. Baadaye kukawa na mtihani wa kurudia, na ili uufanye lazima uwe umemaliza karo, na karo ilikuwa imebaki elfu 43. Sikufukuzwa. Siku moja tu sikuenda, na kesho yake pia sikuenda, mpaka ikawa muhula.

Nikaanza kuandika kwa malipo. Maelezo ya viatu kwenye tovuti za watu, makala kuhusu godoro bora, na ndiyo, asaimenti za wanafunzi wa ng'ambo ambao hawajui kwamba hela yao inalipa kodi ya nyumba Kasarani. Usiku mmoja ikaja kazi kuhusu mota za umeme. Nilikuwa na TT-02 mezani imefunguliwa, na nikalazimika kuelewa ule mlinganyo ili nile.

Unasema hivi. Mota ikizunguka, yenyewe nayo inazalisha umeme, na umeme huo unasukuma kinyume na ule wa betri. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo inavyoisukuma betri nyuma, na betri inapitisha umeme kidogo zaidi. Mota ikiwa imesimama, hakuna kinachosukuma kinyume. Betri inamwaga kila kitu, na kizuizi pekee ni waya wenyewe. Na joto haliendi sambamba na umeme: umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne.

Nikaandika kurasa sita. Mteja akasema alipata alama ya juu darasani. Mimi nikalipwa shilingi 2,400, nikaenda kulala, na yale niliyoandika sikuyafikiria tena mpaka siku ya moshi.

Mwezi wa tatu Mathe alinitumia 11,500 za karo. Nilikuwa nimeshaacha chuo miezi saba. Nilijiambia nitaziweka, nitazirudisha, nitarudi shule. Ziliishi kwenye simu siku nne. Siku ya tano nilikuwa Luthuli kwa jamaa aliyekuwa na mota isiyo na kaboni, iliyotumika kidogo, pamoja na kidhibiti mwendo chake.

Mota hizi hazina kitu kinachosuguana ila beringi. Sumaku ndiyo inayozunguka, nyaya zimetulia pembeni, na kidhibiti kinaamua ni koili gani ipewe umeme na lini. Zinatambulishwa kwa mizunguko ya waya kwenye kila jino la stata: 17.5, 13.5, 10.5. Mizunguko ikipungua, kasi inaongezeka, na mota inakunywa umeme zaidi. Mbogi yetu ilikuwa na daraja la 17.5 ambapo kila mtu anatumia mota sawa, na taa ya kidhibiti chako lazima iwe inapepesa kuonyesha hujaongeza ujanja wa kielektroniki. Na kulikuwa na daraja la wazi, la kila mtu na shetani wake. Yangu ilikuwa 6.5. Unajua niliingia wapi.

Na hizi mota zina taimingi. Koili ikipewa umeme haijai papo hapo, inachukua muda kidogo, na mota ikiwa kwenye kasi kubwa muda huo mdogo ni mwingi. Kwa hivyo unaambia umeme uje mapema kidogo. Ni kama makanga: hagongi bodi matatu ikiwa imefika steji, anagonga kabla, ili dereva awe na nafasi. Unalegeza skurubu tatu, unazungusha kifuniko cha nyuma ambacho kina alama za digrii, unakaza. Ukiongeza digrii, kasi ya juu inapanda. Lakini nguvu ya kuanzia inapungua, umeme unaoliwa unaongezeka, na joto pia. Makanga akigonga mapema kupita kiasi, watu wanashukishwa kichakani.

Nilizungusha hadi alama ya mwisho. Nikaweka na gia ya 7.07.

Niseme ukweli, ilikuwa tamu. Jumapili ya kwanza daktari aliweka rimoti yake chini akaja kuangalia. Nilimpita kwenye sehemu iliyonyooka kama amepaki. Nilikunywa chai ya kwanza wiki tatu mfululizo, na wiki hizo tatu sikuwa mtu aliyeacha chuo. Nilikuwa yule kijana wa Subaru.

Wanaojua hupima joto la mota kila baada ya mbio, na wengi hawapendi lizidi nyuzi 70 au 80, kwa sababu sumaku ikichemka hupoteza nguvu na hairudishi. Mimi pia nilikuwa na kipimajoto. Nilikinunua kwa bei ya kutupa, vile vya bastola tulivyokuwa tunaelekezewa kwenye kipaji cha uso mlangoni mwa supamaketi 2020. Nilikielekeza kwenye mota. Kikaandika "Hi". Tulicheka sana, manze, nikapiga na picha: mota yangu inanisalimia. Vipimo hivyo ni vya homa ya binadamu, vinaishia kwenye nyuzi arobaini na kitu. Kikizidiwa kinaandika hivyo kumaanisha ni juu, sijui juu kiasi gani. Nilijua maana yake. Nilichagua ile ya salamu.

Wiki ya nne gari likaanza kukatika katikati ya mbio. Kidhibiti kilikuwa kinasoma joto la mota kupitia waya wa sensa na kuzima kabla mambo hayajaharibika. Nilitulia na kile kitabu kidogo cha maelekezo usiku mzima mpaka nikapata mahali pa kuondoa hiyo kinga. Nikaiondoa. Jumapili iliyofuata ndiyo ile ya sukari kwenye sufuria.

Kirinyaga Road kuna mafundi wa kufunga mota waya upya. Mota za pampu za visima, za posho mill, za mashine za kuranda mbao. Niliuliza mlango kwa mlango na wote wakacheka saizi ya mota yangu, isipokuwa mzee mmoja aliyekaa kwenye kibao katikati ya vilima vya shaba. Aliishika kwa vidole viwili kama yai la kware, akaifungua, akaniita karibu na balbu. Nyaya zilizopaswa kuwa na rangi ya dhahabu zilikuwa nyeusi. Alikwaruza kwa ukucha, vanishi ikatoka kama majivu.

"Ilikuwa inafanya nini ikiungua?" akauliza.

"Ilikuwa inakimbia, Mzee."

"Hapana. Mota haiungui kwa kukimbia, kijana. Ikikimbia inajipunguzia stima yenyewe. Inaungua ikibebeshwa kitu haiwezi, inataka kusimama, na wewe bado umeshikilia switchi."

Nilinyamaza. Alikuwa amenisomea kurasa zangu sita kwa pumzi moja. Aliniambia baadaye kwamba shule aliishia darasa la nane.

Akanionyesha mota kubwa iliyokuwa chini, nyeusi vilevile. Ya posho mill. Mahindi yakiletwa mabichi, akasema, yanaziba chujio, mota inalemewa, na kile kifaa cha kukata stima kinakata. Mwenye mashine ana foleni ya wateja. Anawasha, kinakata. Anawasha, kinakata. Mwishowe anakifunga kwa kipande cha waya ili kisikate tena. "Halafu jioni ananiletea hapa, ananiambia mota ilikuwa mbaya," akasema. "Mota ilimwambia mara tatu."

"Mimi pia nilikifunga," nikasema.

"Najua. Kama kingekuwa wazi haingefika hapa."

Yangu hakuweza kuitengeneza. Nafasi ya kupitisha waya ilikuwa ya sindano, na sumaku nayo ilikuwa imechoka. Hakunitoza kitu. Nilipotoka nilikuwa na simu ambazo sikushika saba, zote za mtu mmoja.

Nilimpigia nikiwa nimesimama karibu na Globe, na kelele zile zote. Labda nilitaka asisikie vizuri.

"Mama, hakuna grajuesheni."

"Wamesongesha?"

"Hapana. Niliacha. Mwaka jana, mwezi wa nane."

Akakaa kimya muda ambao ningeweza kuhesabu matatu zilizopita. Kisha: "Na ile pesa ya mwezi wa tatu?"

"Nilinunua mota."

"Mota ya nini?"

"Ya gari la rimoti."

"La kuchezea?"

"La mashindano."

"Iko wapi hiyo mota?"

"Imeungua."

"Hiyo ilikuwa zamu yangu ya chama," akasema. "Nilingoja mwaka mzima." Akakata.

Hakushika simu yangu siku tisa. Siku ya kumi nilimtumia 1,000 kwa M-Pesa, bila neno lolote. Jioni ikaja meseji: "Nimeona. Imebaki 10,500." Sijawahi kufurahia deni hivyo maishani. Shosho, nilisikia, alivaa ile nguo kanisani na hakumweleza mtu kwa nini imeshonwa.

Sitadanganya kwamba kila kitu kilikaa sawa. Sijarudi chuo, na sijui kama nitarudi. Bado naandika kuhusu magodoro. Asaimenti za watu niliziacha, na mfuko ukalia. Jumanne na Alhamisi niko Kirinyaga Road, kwenye kibao cha pili, nahesabu mizunguko ya waya kwa sauti kwa sababu Mzee anasema ukihesabu moyoni utadanganyika. Ananilipa chakula cha mchana, na mota ndogo ndogo za mikserini ni zangu nikizimaliza vizuri. Mlango wa chuo ungeniuliza cheti. Yeye aliniuliza kama naona vizuri karibu.

Gari nililirudishia ile mota ya fedha. Kaboni mpya, glasi ya maji, pinioni ya meno 22. Nanunua kipimajoto halisi kwa awamu kutoka kwa daktari. Nikimaliza mbio mota iko nyuzi 58, 60 hivi, na mimi niko wa tano au wa sita. Madogo wananipita. Lakini nalimaliza kila shindano, na hilo ni jambo ambalo yule kijana wa Subaru hakuwa na uhakika nalo hata akiwa wa kwanza.

Pasaka nilienda Nakuru nalo. Nililikimbiza uani kuzunguka kamba ya nguo mpaka betri ikaisha, watoto wa jirani wakipiga kelele, na Mama amesimama mlangoni amekunja mikono. Nilipolifungua akaja akainama.

"Ndiyo hii iliungua?"

"Hapana, hii ni ile ya mwanzo."

Nikamweleza namna ya kupima ukiwa huna kifaa: ukiweza kushikilia kidole kwenye mota sekunde tatu nne bila kukitoa, haijafika pabaya. Akaweka kidole. Sekunde tatu zikapita, tano, kumi. Mama huepua sufuria motoni bila kitambaa, kwa hivyo kidole chake si kipimo cha kitu chochote.

"Iko sawa," akasema, akakiacha hapo. Kisha, akiwa bado ameinama: "Imebaki 5,500."

"Najua, Mama."